Chungu Kisichotiwa Chumvi

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja, na aliyeitunga ndiye aliyeshika mwiko. Tangu siku Mama alipoanguka karoni akifua, akapelekwa zahanati na kuambiwa presha imepanda na chumvi aipunguze, kopo la chumvi lilitoka jikoni na halikurudi. Binti yake, ambaye mtaa mzima humwita Msusi kwa ajili ya kazi yake, alitoa rai kwamba Mama apikiwe kisufuria chake pembeni, wengine waendelee na chao. Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa.

"Nipikiwe pembeni, nimekuwa mgonjwa wa kutengwa? Nyumba moja, chungu kimoja. Anayenipenda atakula ninachokula."

Sasa hapo nani angejitokeza kusema hampendi? Wote wakala.

Ila binadamu ni binadamu, na kila mmoja alitafuta kichochoro chake. Msusi alikuwa na karanga za chumvi alizozificha chini ya nywele za bandia kibarazani anakosukia. Mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Pancha kwa kuwa anaziba matairi njiapanda, alikula viazi vya kukaanga kwa muuzaji jirani na kuvinyunyizia chumvi mpaka mwenye viazi akamnyang'anya kopo. Jioni wote wawili walijifuta midomo kwanza, ndipo wakabisha hodi. Mama alikuwa akijigamba kwa majirani kwamba nyumba yake ina utii. La ajabu ni kwamba presha yake yeye mwenyewe haikushuka kama daktari alivyotarajia, lakini hilo walilisingizia mawazo.

Mtu pekee aliyeishika sheria ile kama kiapo alikuwa mume wa Msusi, naye ndiye aliyekuwa akitoka jasho kuliko wote.

Mtaani walimwita Bwana Harusi, na halikuwa jina la heshima. Muda mfupi baada ya kuoa, nyumba alimopanga iliuzwa, akahamia kwa mama wa mkewe "kwa wiki mbili tu", na sasa mwaka wa tatu ulikuwa unaelekea ukingoni. Mwanamume anayelala kwa mama mkwe habamizi mlango, haulizi chakula kitaiva saa ngapi, na hasemi mchuzi ni chapwa. Bwana Harusi alikula, akanawa, akasema, "Asante mama, chakula kitamu," kila jioni, kwa sauti ile ile.

Kazi yake ilikuwa ya kibarua, kubeba magunia kwenye kiwanda cha unga, na akitoka hapo alikwenda kukimbia. Shati lake likikauka lilikuwa na mistari myeupe mgongoni, kama ramani iliyochorwa na mtoto. Msusi alilikung'uta ukutani kabla ya kulifua, akiulaani unga wa kiwandani.

Kiwanda kilikuwa na timu ya mbio ndefu iliyoshindana na viwanda vingine, na mchujo wa zamu ya mchana ulikuwa kesho yake. Wanne wa kwanza wangeingia timuni, na anayeingia timuni huandikwa kazi ya kudumu: mshahara wa mwezi badala ya malipo ya gunia, na kadi ya matibabu ya mfanyakazi pamoja na wanaomtegemea, mama mkwe akiwemo. Vidonge vya Mama vilikuwa vikinunuliwa kwa kusuasua. Mwezi huu vipo, mwezi ujao vinangoja mteja aje kusukwa.

"Kesho jua halitakuwa na huruma," Mama alisema akipakua maharage. "Mwanangu, kunywa maji. Mtu ni maji."

"Nitamfuata kwa baiskeli," Pancha akasema. "Nabeba dumu zima. Asipokunywa, namnywesha."

"Anza sasa," Mama akasema, akamsogezea jagi.

Bwana Harusi akanywa kikombe, akanywa cha pili, na cha tatu akakinywa kwa adabu tu. Kisha akaonja maharage. Msusi aliona macho ya mumewe yakizunguka mezani, kama ya mtu aliyesahau kitu na hakumbuki ni kitu gani.

"Unatafuta nini?" akamuuliza.

"Hakuna."

Akala akamaliza. "Asante mama, chakula kitamu."

*

Kocha alikuwa mtunza ghala, na zamani naye alikuwa mkimbiaji. Asubuhi aliwapima wakimbiaji wote kwa mizani ya magunia, maana ndiyo mizani pekee aliyoiamini duniani, akitangaza uzito wa kila mmoja kwa sauti ya mnada. Bwana Harusi alipopanda, Kocha alitazama namba, akamtazama mtu.

"Hili gunia halijajaa. Mama mkwe anakupimia?"

Watu wakacheka. Bwana Harusi naye akacheka kidogo, kama anavyocheka mtu asiye na pengine pa kwenda. Msusi, aliyesimama getini na hofu yake, alitamani kumrushia Kocha kiatu.

"Sikilizeni," Kocha akapaza sauti. "Msingoje kiu. Kunyweni kabla ya kiu. Anayengoja kiu ameshachelewa."

Njia ilikuwa kutoka getini hadi darajani na kurudi, mara tatu. Mzunguko wa kwanza Bwana Harusi alirudi akiwa wa tano, wa pili akawa wa pili. Alipita mbele ya mkewe akiwa mwepesi, magoti juu, na Pancha ubavuni kwake akiendesha baiskeli kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kikombe. "Kunywa, shemeji! Maji ni uhai!" Naye alikunywa, maana hajazoea kukataa anachopewa na ukoo ule. Msusi alijikuta anapiga hesabu za kadi ya matibabu, na chumba chao wenyewe chenye mlango wa kubamiza watakavyo.

Mzunguko wa tatu walirudi wengine. Akapita wa kwanza, wa pili, wa nne, wa saba. Halafu akaonekana yeye, anatembea, tena kwa kupepesuka, upande huu wa barabara na upande ule, na Pancha amemshika kiuno, baiskeli ameitupa huko nyuma.

Msusi alimkimbilia. Uso wa mumewe ulikuwa umejaa, midomo imevimba, na macho yanamtazama bila kumfika.

"Gunia nimeliweka wapi?" alimuuliza.

"Gunia gani? Ni mimi, mke wako."

"Wataniuliza gunia," akasema, kisha akatapika maji matupu.

"Maji! Mpeni maji!" watu walipiga kelele. Kila mtu pale alikuwa daktari. Walimwingiza ghalani kwenye kivuli, wakamlaza juu ya ubao wa mizani kwa kuwa ndio uliokuwa mtupu. Msusi mwenyewe ndiye aliyemwinua kichwa na kumwekea kikombe menoni. "Kunywa, mume wangu. Kidogo tu. Bado kidogo."

Kocha, kwa mazoea ya miaka, alitupia jicho namba ya mizani. Akaikunjia uso, akaipiga teke mizani mara moja, akaitazama tena. Kisha akageukia watu.

"Nilijua. Miguu anayo, kifua hana. Mtoeni hapo, gari la unga litawapeleka zahanati. Na hilo jina nalifuta."

*

Daktari wa zahanati alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya kuamrisha, yule yule aliyekuwa akimtibu Mama. Alimkuta Pancha anamimina kikombe kingine.

"Weka chini hicho."

"Daktari, amekaukiwa huyu. Amekimbia juani."

"Nani amekwambia amekaukiwa?" Alikishika kidole cha mgonjwa, akajaribu kuizungusha pete ya ndoa. Ilikuwa imezama kwenye nyama. "Pete hii asubuhi ilikuwa hivi?"

"Ilikuwa inacheza," Msusi akasema. "Hubidi aivue akibeba magunia, isipotee."

"Amekunywa kiasi gani?"

Hapo Pancha akainua kifua, maana aliona swali limemfikia mwenyewe. "Dumu zima, daktari. Halikubaki hata tone."

"Umejaribu kumuua shemeji yako," daktari akasema, tayari anatafuta mshipa. Alifanya kazi kimya, akatundika chupa ndogo ya maji ya chumvi, akaihesabu matone kwa makini kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mgonjwa alipotulia ndipo akawageukia. Mama naye alikuwa amefika, anahema, kitambaa cha kichwa kimekaa upande.

"Jasho si maji matupu," daktari akasema. "Lina chumvi. Mtu akilitoa jasho kwa saa nyingi, halafu mkamrudishia maji matupu, tena kuliko yaliyotoka, damu inakuwa kama mchuzi ulioongezwa maji wageni walipotokea. Mwili unavimba, na kichwa ndicho kinachoumia mapema. Mngemwongezea vikombe vingine, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Msusi alikumbuka kikombe alichomwekea menoni, akaketi sakafuni.

"Nyumbani anakula chumvi?" daktari akauliza.

"Kwetu hatuli chumvi," Mama akajibu, na fahari yake bado haijamwacha. "Si wewe mwenyewe uliyesema?"

"Nilikwambia wewe, mama. Tena nilisema punguza. Huyu ni mbeba magunia, halafu anakimbia. Hana presha, hana chochote. Amekaa miezi mingapi bila chumvi?"

Akawatazama mmoja mmoja.

"Basi na ninyi mbona wazima?"

Pancha akajikuna kisogo. "Mimi, daktari... kuna viazi pale njiapanda."

Mama akageuka taratibu kumtazama binti yake.

"Karanga," Msusi akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo niliyekuwa nampikia ni yeye peke yake," Mama akasema. "Ninyi wanangu wa kuzaa mmenidanganya, mtoto wa watu ndiye aliyenitii." Akakaa kwenye benchi, akatazama miguu yake.

Daktari alimwonea huruma. "Mama, kilichomwangusha ni maji. Chumvi kupungua kumesukuma tu. Wangapi hula chumvi na bado huanguka kwa kunyweshwa."

Lakini Mama alishasikia alichosikia, na hilo la pili halikuingia.

Msusi alichukua shati la mumewe lililotundikwa msumarini. Lilikuwa limekauka, na mistari ile myeupe ipo mgongoni. Alianza kulikung'uta kwa mazoea, mkono ukasita. Leo hakubeba gunia hata moja. Akagusa mstari kwa kidole, akakiweka ulimini. Miezi yote ile alikuwa ameikung'uta ukutani chumvi ya mumewe akidhani ni unga. Alilia, na kilichomliza zaidi ya woga ni hasira ya kujikuta mjinga.

Jioni mgonjwa alifungua macho na kumtambua.

"Nimekuwa wa ngapi?"

"Umekuwa wa kitandani. Mbona hukusema kitu muda wote huo?"

"Kitu gani?"

"Kwamba chakula hakikai mdomoni. Kwamba unataka chumvi kama watu wengine."

Alijivuta, akaegemea ukuta. "Nalala kwa mama yako. Nakula kwa mama yako. Nikasimame nimwambie na chumvi haipo?"

"Mimi je? Hata mimi hukuniambia."

"Wewe ungemwambia yeye." Akajaribu kutabasamu. "Ulimi unazoea. Tatizo inaonekana miguu haikuzoea."

*

Habari mtaani haina miguu lakini hufika kabla ya mwenyewe. Mgonjwa aliporudi nyumbani, bombani walikuwa wameshaipika na kuipakua: mama mkwe amemnyima mkwe chumvi mpaka ameanguka barabarani, alitaka ahame. Mama aliyasikia kwa masikio yake akiwa kwenye foleni, akaondoka na ndoo tupu. Alipofika hakuingia jikoni. Alikaa chumbani kwake na mlango wazi, kimya, jambo ambalo lilimtisha kila mtu kuliko angepiga kelele.

"Mama, njoo upike," Msusi alimwita. "Daktari amesema anywe supu yenye chumvi."

"Pika wewe. Mikono yangu imeshapika vya kutosha."

Msusi akabandika supu, ikachemka, ndipo akakumbuka kwamba nyumba nzima haina hata chembe ya chumvi. Karanga alishazitupa kwa aibu. Pancha alitumwa dukani, akarudi akisema pamefungwa, mwenye duka ameenda mazishini. Majirani wa kuombwa walikuwepo, lakini nani angetoka nyumba ile, siku ile, kwenda kuomba chumvi? Wangechekwa mpaka mwaka uishe.

Walisimama wakiitazama supu. Hapo Mama akatoka chumbani. Alifungua fundo la pindo la nguo aliyojifunga, akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakikunjua juu ya sufuria. Ndani yake mlikuwa na chumvi safi, nyeupe, ya kutosha watu wanne.

Pancha alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Mama!"

"Mnanitazama nini?" Mama akasema. "Mchuzi ule ulikuwa haulambiki."

"Na presha?"

"Ndiyo maana haishuki, mlidhani ni mawazo?" Alitia chumvi, akakoroga, akaonja kwa kiganja kama zamani. Msusi alianza kucheka, akajizuia, akashindwa. Pancha akashika ukuta. Kicheko kikamfikia mgonjwa chumbani, akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumjibu.

Mama hakucheka. Alimpelekea mkwewe bakuli kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "nilikulisha sheria ambayo mimi mwenyewe sikuila. Nisamehe."

Bwana Harusi hakujua aweke wapi macho. Mama mkwe amemwomba radhi yeye, mtu asiye na hata mlango wake. "Mama, yameisha," akasema, akashika bakuli, akanywa. Kisha akabaki na bakuli mdomoni, macho ameyafumba.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa na desturi mpya. Chungu kilipikwa bila chumvi, kwa ajili yake. Kopo jipya lilikaa mezani, na kabla mkwewe hajaketi, Mama mwenyewe alimnyunyizia sahani yake kwa vidole vyake, kiasi alichokiona sawa. Watu wengine walijinyunyizia. Bwana Harusi alikuta sahani tayari, akala, akashukuru.

*

Msusi alikwenda kiwandani peke yake. Kocha alikuwa akigawa magunia matupu mlangoni pa ghala, akamwacha asimame juani hadi wapagazi wote walipokwisha kuhudumiwa, na wawili waliochelewa pia.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Kama umekuja kulia, humu mna vumbi la kutosha."

"Sikuja kulia. Nimekuja kuuliza kama mizani yako ni mbovu."

Kocha akaweka magunia chini. Ungeweza kumtukania mengi, si mizani. "Mizani hii haijawahi kudanganya hata kilo moja. Uliza kiwanda kizima."

"Siku ile mume wangu alipolazwa juu yake, ilisema nini?"

Kocha aliokota gunia moja, akalikunja.

"Uliitazama. Ukaipiga na teke."

"Ilisema ameongezeka," Kocha akasema mwishowe. "Kilo mbili."

"Umewahi kuona mtu anakimbia mzunguko baada ya mzunguko juani, halafu anarudi mzito kuliko alivyoondoka? Daktari amesema ni maji. Alikunywa akipewa, akapewa zaidi, na getini ulikuwa unawaambia wasingoje kiu." Akamsogelea hatua moja. "Kifua anacho, Kocha. Ila hajui kukataa. Hilo ndilo kosa lake, na tumemfundisha sisi."

Kocha alikwenda kwenye mizani, akaipangusa unga kwa kiganja ingawa haikuwa na unga mwingi. "Mimi nami niliambiwa hivyo na aliyenifundisha," akasema. "Kunywa kabla ya kiu. Kuna mwenzetu mmoja alianguka, tukamwagia maji, tukamnywesha... Tulisema ni jua." Hakumalizia habari za mwenzao huyo, na Msusi hakuuliza.

"Kuna mchujo wa watu wa zamu ya usiku, utakimbiwa mchana kwa njia ile ile," akasema baadaye. "Zamu hiyo ina nafasi moja timuni. Daktari akimruhusu, mlete. Lakini akianguka tena, usinirudie hapa."

"Nikikurudia nitakuja kwa ajili ya unga."

Kocha karibu acheke.

*

Daktari hakumruhusu haraka. Alipomruhusu, alitoa masharti, na masharti yakampata mwenye kuyasimamia. Mama alijifunza kutengeneza kinywaji cha mkwewe: maji yaliyochemka na kupoa, sukari, ndimu, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi katika chupa kubwa. Alikionja kila mara kwa ncha ya ulimi na kukitema, ili presha isipate kisingizio. Kabla na baada ya kila mazoezi, Bwana Harusi alipita ghalani kupima uzito. Kocha alisoma namba kwa sauti ya chini siku hizi.

"Akipungua kidogo, vizuri," Mama aliwaeleza majirani bombani, kama mtu aliyesomea. "Akiongezeka, tumemzidishia maji. Kiu ni ya kwake, si ya kwetu." Na waliokuwa wamemsema walitikisa vichwa, maana mtu anayejua jambo huogopwa.

Siku ya mchujo jua lilikuwa lile lile. Pancha alipewa baiskeli na chupa moja, na onyo. Mama alibebewa kigoda chake hadi karibu na daraja. Mzunguko wa kwanza mkwewe alipita akiwa katikati ya kundi. Wa pili alikuwa wa nne, fulana imeloa, mistari myeupe inaanza mabegani. Pancha alimnyooshea chupa. Alikunywa mafunda mawili, akairudisha.

"Kunywa tena, shemeji," Pancha akasema, maana ng'ombe wa mazoea huirudia njia yake.

"Hapana."

Lilikuwa neno dogo tu, lakini Pancha alisimulia baadaye kwamba karibu aanguke na baiskeli. Miaka yote ile hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake.

"Mpeni maji huyo, ataanguka kama siku ile!" akapiga kelele mwanamke mmoja pale darajani.

"Wewe nyamaza," Mama akamjibu bila kuinuka kigodani. "Kiu ni ya kwake."

Getini Msusi hakuweza kuhesabu. Aliona wa kwanza akiingia, akaziba uso, akafungua kidogo, akaona mtu mwenye magoti juu anayeyajua vizuri. Wa pili. Nyuma yake kulikuwa na mwanya mrefu mtupu, na nafasi ilikuwa moja. Yule wa kwanza alikuwa kijana wa zamu ya usiku, mwembamba kama mwiko, ameshaanza kukumbatiwa na wenzake.

Msusi akaanza kujipenyeza kwenda alipo mumewe.

Kocha aliwapima wote wawili. Bwana Harusi alikuwa amepungua kilo moja na ushei. "Gunia limevuja kidogo," Kocha akasema. "Ndivyo inavyotakiwa." Kisha akamvuta pembeni msimamizi wa kiwanda, wakazungumza muda mrefu, Kocha akionyesha mizani, akionyesha daftari la muda, akijipiga kifua. Msusi alisikia maneno machache tu: "amemshinda wa nne wetu wa mchana", na "kosa lile lilikuwa langu".

Msimamizi akatazama saa yake, akainua mabega. "Wachukue wote wawili, wa nne wa mchana awe wa akiba. Lakini atakasirika."

"Akasirike akikimbia," Kocha akasema.

*

Jioni ile nyumba haikuwa na pa kukanyaga. Majirani waliingia na kutoka, hata wale wa bombani, kila mmoja akidai alijua tangu mwanzo. Walipoondoka, wanne wakakaa mezani, wamechoka kwa furaha. Mama alipakua kwa haraka, huku akiwasimulia kwa mara ya kumi jinsi alivyomnyamazisha yule mwanamke wa darajani.

Bwana Harusi alionja tonge la kwanza. Akasita. Macho yake yakazunguka mezani, na Msusi aliyajua yale macho, akajua mara moja kilichotokea: katika shamrashamra zile, Mama alikuwa amesahau sahani ya mkwewe. Kopo lilikuwa upande wa Mama, karibu na kiwiko chake. Msusi alinyoosha mkono alichukue, halafu akaurudisha pajani.

Mumewe alimeza tonge. Akaweka mkono kando ya sahani.

"Mama," akasema, "hiki chakula hakina chumvi. Naomba chumvi."

Pancha aliacha kutafuna. Mama naye alinyamaza katikati ya sentensi, akamtazama mkwewe, akalitazama kopo. Kisha akalisukuma taratibu, likavuka meza nzima, mpaka likagusa vidole vyake.

"Mwaka wa tatu huu," Mama akasema, "ndiyo kwanza unaomba kitu nyumbani kwako."